Kwa Wazee wa Baraza: Liondoeni Neno Lile Moja

Wazee wangu wa baraza la usharika,

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilitangazwa hadharani. Jumapili ile, baada ya sadaka na kabla hatujatoka nje kwenye mnada, katibu wenu alisimama akasoma matangazo. Alitaja mazoezi ya kwaya, ujenzi wa choo cha watoto na ndoa mbili za mwezi ujao. Kisha akasoma barua mliyomwandikia mkuu wa jimbo kuomba mchungaji mpya, maana mchungaji wetu anastaafu mwezi wa nane. Mliomba mtu mwenye afya, mwenye familia, anayeweza kuendesha pikipiki hadi mitaa ya juu. Na mkaomba awe mwanamume. Neno hilo lilisomwa kwa sauti ile ile iliyosoma habari ya choo, na kanisa likaitikia amina.

Pembeni yangu alikaa binti mmoja wa darasa la kipaimara. Miezi miwili kabla ya siku ile alikuwa ameniambia kwamba akimaliza kidato cha sita anataka kwenda kusoma theolojia. Hakuitikia amina. Alinigeukia akaniangalia, akingoja niseme kitu, nami nikakosa la kumwambia. Barua hii ni jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Nimefundisha shule ya Jumapili katika usharika huu kwa miaka 27. Wawili kati yenu, wale vijana, mlianza kwangu. Sala ya Bwana mliishika mkiwa mmekaa kwenye nyasi chini ya ule mparachichi uliokatwa tulipojenga ofisi. Ninyi wengine mlifundishwa na mama zenu jikoni, na leo wake zenu ndio wanaowasomesha watoto wenu katekisimo usiku. Kwa hiyo siwezi kuamini kwamba mnachokikataa ni kufundishwa na mwanamke. Hilo mlilikubali tangu hamjajua kuvaa viatu. Nadhani mnachokikataa ni kuliita fundisho hilo kwa jina lake, na kumpa anayelitoa mahali pa kusimama. Habari hii ya majina ndiyo iliyonishikisha kalamu. Naomba mnivumilie niieleze, kwa sababu imenikaa moyoni muda mrefu.

Mama yangu aliongoza ibada katika mtaa wetu kuanzia 1979 hadi 1985. Mwinjilisti alikuwa amehamishwa bila kuletwa mwingine. Mchungaji alifika mara moja kwa mwezi barabara ikiruhusu, na wakati wa masika haikuruhusu. Mzee wa mtaa alikuwa mgonjwa wa miguu, hatoki kitandani. Basi Jumapili asubuhi mama alijifunga kitenge, akachukua Biblia yake iliyoshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia, akateremka kufungua kanisa. Aliongoza liturgia, akaanzisha nyimbo, akasoma somo, kisha akalifafanua. Nilikuwa na miaka 9 alipoanza, na nakumbuka urefu wa mahubiri yake kwa sababu sisi watoto tulichoka kukaa. Nakumbuka pia wazee wa kiume wakitoka nje wakiwa kimya, na mmoja wao akimfuata kumuuliza maana ya mstari aliokuwa ameueleza.

Kusema mbele ya watu alijifunza katika mikutano ya ndugu wa uamsho. Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia kwetu kupitia Bukoba, ulikuwa na jambo moja kubwa: aliyeokoka alisimama akashuhudia, awe mume au mke, awe amesoma au hajasoma. Wanawake wengi wa rika la mama walisikika kwa mara ya kwanza mbele ya mkutano katika ndugu wale. Mama aliokoka akiwa msichana, na tangu hapo hakuogopa tena watu.

Alipofariki, nilimwomba mwinjilisti anionyeshe kitabu cha ibada cha mtaa, nikitaka kuandika wasifu wake wa kusomwa mazishini. Kila Jumapili ina mstari wake: tarehe, waliohudhuria, sadaka, somo, mhubiri. Kwenye safu ya mhubiri, kwa miaka yote sita, limeandikwa jina la mzee wa mtaa, yule aliyekuwa kitandani. Pembeni kabisa ya ukurasa, kwa penseli, Jumapili moja moja, lipo jina la mama likifuatiwa na maneno mawili: alisema machache.

Mwandiko ni wa mama mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akijaza kitabu.

Nilikaa na kitabu kile magotini mpaka mwinjilisti akaniuliza kama naumwa. Sikumkasirikia mama, wala yule mzee, ambaye alikuwa mtu mwema na hakuwahi kuomba aandikwe hivyo. Kilichoniumiza ni kwamba mama alijua kazi aliyoifanya, akaifanya kwa nguvu zake zote, na kalamu ilipokuwa mkononi mwake mwenyewe hakuweza kuiandika. Hakuna aliyemkataza Jumapili hata moja. Alikuwa amefundishwa kwamba jina lile si lake.

Sikilizeni jinsi tunavyosema mpaka leo. Mwanamume akisimama mbele ya kanisa na Biblia mkononi, amehubiri. Mwanamke akisimama pale pale na Biblia ile ile, ametoa ushuhuda, ametoa salamu za Umoja wa Wanawake, amechangia neno. Mwanamume akipanga mazishi, ameongoza. Mwanamke akipokea wageni, akakesha na wafiwa, akatunza daftari la rambirambi na kufunga hesabu bila upungufu wa shilingi, amesaidia.

Kuibadilishia kazi jina hakukuanzia kwenye mtaa wetu. Fungueni Warumi sura ya 16, mstari wa kwanza. Paulo anamtambulisha kwa Wakristo wa Rumi mwanamke aitwaye Fibi, wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho upande wa mashariki. Biblia yetu ya Union Version ya 1952, ile tunayoisoma kanisani, inamwita mhudumu. Sasa fungueni Wafilipi 1:1, kisha 1 Timotheo 3:8. Huko mnawakuta mashemasi. Kwa Kigiriki neno ni lile lile moja, diakonos. Sitaki kuwalaumu wafasiri waliotupa Biblia tunayoipenda. Mhudumu ni tafsiri halali, na Paulo anajiita hivyo mwenyewe katika Waefeso 3:7. Lakini lingetumika neno moja kote, msomaji wetu angeona kwamba Fibi na wale wa Filipi wanaitwa sawasawa. Hivi sasa haoni. Anasoma cheo huku, na huku anasoma kazi ya mikono.

Mstari wa pili unamtaja Fibi kuwa msaidizi wa watu wengi. Neno la Kigiriki ni prostatis, nalo lilimhusu mtu mwenye uwezo aliyewasimamia wengine na kuwadhamini. Kwetu msaidizi ni yule anayekaa pembeni ya mwenye kazi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba Fibi ndiye aliyeibeba barua hiyo kuipeleka Rumi. Fikirini, wazee wangu: Waraka kwa Warumi, ambao Luther aliuona kuwa sehemu kuu ya Agano Jipya, ambao sisi Walutheri tumejengwa juu yake, yaelekea ulisafiri baharini ukiwa katika mzigo wa mwanamke. Na kama waliousikiliza waliuliza maswali, wa karibu wa kuulizwa alikuwa yeye.

Shukeni hadi mstari wa 7. Yupo Yunia, ambaye Paulo anamtaja pamoja na Androniko kuwa wenye sifa kati ya mitume. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa, alimstaajabia mwanamke huyo aliyestahili kuitwa mtume. Karne nyingi baadaye wasomi wakaona haiwezekani, wakamgeuza mwanamume, wakamwita Junias, jina ambalo halijapatikana katika maandishi ya Warumi wa kale. Agano Jipya la Kigiriki la Nestle, linalotumika vyuoni duniani kote, lilimchapa kama mwanamume kuanzia 1927 mpaka lilipomrudishia jinsia yake 1998. Biblia yetu ya Kiswahili imeandika Yunia, na hapo inastahili shukrani. Ila lugha yetu haitofautishi yeye wa kiume na yeye wa kike, hivyo Mkristo anaweza kulisikia jina hilo maisha yake yote asijue kwamba ni la mwanamke. Mimi nilijua nikiwa na miaka 50, baada ya kuwafundisha watoto wa watu Biblia kwa zaidi ya miaka 20.

Najua mmoja wenu atafungua 1 Timotheo 2:12. Ni haki yake, na mimi andiko hilo siliruki kama dimbwi. Ni Neno, na limenikosesha usingizi. Lakini tulisome pamoja na mahali lilipotumwa. Timotheo alikuwa Efeso, na sura ya kwanza inasema aliachwa huko ili awazuie watu waliokuwa wakieneza mafundisho mengine. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa kumtawala mwanamume, authentein, halionekani tena popote katika Agano Jipya, na wasomi wanaoiheshimu Biblia hawajaacha kubishana kuhusu maana yake. Mstari wa 9 wa sura hiyo hiyo unagusa kusuka nywele, dhahabu na lulu. Mabinti zetu husuka Jumamosi jioni kwa ajili ya Jumapili, na hakuna mzee anayewarudisha mlangoni, kwa sababu tumeelewa kwamba agizo lile lilikuwa na watu wake na wakati wake. Uelewa huo naomba msiuache kwenye mstari wa 9.

Efeso hiyo hiyo ndiko Prisila na mumewe Akila walikomsikia Apolo, msomi na msemaji hodari, wakaona mafundisho yake yana pengo, wakamchukua kwao wakamnyoosha. Luka anaisimulia habari hiyo katika Matendo 18 bila kuomba radhi. Na Timotheo mwenyewe, aliyeandikiwa agizo tunalobishania, imani aliitoa wapi? Someni 2 Timotheo 1:5. Kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo anawataja kwa majina yao, katika barua, wasomwe na kila kizazi. Ningetamani aliyejaza kitabu cha mtaa wetu angepewa ujasiri huo.

Kuhusu 1 Wakorintho 14 na wanawake kunyamaza, nasema moja tu: sura tatu nyuma, katika 11:5, Paulo huyo huyo anaeleza namna mwanamke anavyopaswa kujifunika anaposali au kutoa unabii. Asiyeruhusiwa kufungua kinywa hapewi maelekezo ya mavazi ya kusemea.

Wengine mtaniambia kwamba Maandiko hamna ugomvi nayo, ila bado mapema, watu hawajawa tayari. Hili linanisumbua kuliko lile la Timotheo. Mwaka 1982 Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimbariki Nyambura Njoroge kuwa mchungaji, wa kwanza wa kike kwao. Mwaka uliofuata Askofu Henry Okullu alimweka wakfu Lucia Okuthe huko Maseno Kusini, na mwisho wa mwaka huo huo Askofu Festo Kivengere akawaweka wakfu wanawake watatu Kigezi, Uganda. Kanisa letu la Kilutheri, KKKT, liliamua kuwabariki wanawake katika Mkutano Mkuu wa 1990, likaiachia kila dayosisi itekeleze. Mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Kenya, mwenye dayosisi kamili mkononi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule tulioamua sisi, leo ananiletea watoto wake niwafundishe.

Kanisa limekwishaamua. Barua kama yenu ndiyo inayoamua upya, usharika kwa usharika, bila mkutano na bila kura. Binti anasoma miaka mitano, anafaulu, anabarikiwa mbele ya askofu na umati, wazazi wanachinja mbuzi. Kisha inaanza safari ya kutafutiwa mahali. Namfahamu mmoja ambaye sharika tatu ziliandika kama mlivyoandika. Akapelekwa shuleni kuwa mchungaji wa wanafunzi, akatolewa huko akapewa dawati la wanawake na watoto, akatolewa akawa msaidizi wa mchungaji aliyemzidi mwaka mmoja tu kazini. Kazi hizo zote ni njema. Lakini hajawahi kukabidhiwa ufunguo wa usharika, na akiulizwa sababu, hana barua hata moja inayosema amekosea nini.

Niguse na yale yanayosemwa nje ya kikao, kwenye foleni ya kupima kahawa. Kwamba mchungaji mwanamke akijifungua atatuacha. Atatuacha siku 84, kama sheria ya kazi ya nchi yetu inavyompa. Mchungaji wetu wa sasa aliumwa mgongo akalala miezi mitano. Tulimpelekea mchele na maombi, mwinjilisti na wazee wakashika zamu, na hakuna aliyeandika barua ya kuomba mchungaji mwenye mgongo imara. Kwamba ataitwaje usiku kwa mgonjwa? Katika usharika huu wanaokesha na wagonjwa ni akina nani, wazee wangu?

Na lipo jambo ambalo halisemwi kabisa. Kwa miaka 27 wanawake wamekuja nyumbani kwangu baada ya ibada, wakijifanya wameleta mboga. Wamekuja na ndoa zenye kipigo, na mimba zilizoharibika, na mambo yaliyowapata wakiwa wasichana wadogo ambayo hawajamwambia mtu. Hawakuweza kuyapeleka kwa mchungaji, si kwa sababu ni mtu mbaya, bali kwa sababu kuna maneno ambayo kinywa cha mwanamke hakiwezi kuyatamka mbele ya mwanamume aliyekaa nyuma ya meza. Mimi si mchungaji. Sikuwa na mamlaka ya kuwatangazia ondoleo la dhambi, wala ya kuwalinda kwenye baraza. Nilichoweza ni kulia nao na kuwachemshia chai. Wengine bado wako hapa, mnawapa mkono mlangoni kila Jumapili.

Mwaka jana tulitembelewa na mchungaji mwanamke kutoka jimbo jingine. Alipoteremka kwenye gari, kanzu mkononi, akina mama walimshangilia kwa vigelegele, na mmoja wenu akampokea kwa heshima akamuuliza, "Karibu mama mchungaji. Mchungaji yuko nyuma?" Hakukusudia ubaya. Mama mchungaji, kwetu, ni mke wa mchungaji, na jina hilo tunalitumia kwa upendo. Mgeni wetu alitabasamu akajibu kwamba mchungaji ni yeye. Baadaye, wakati wa Chakula cha Bwana, wazee wawili walibaki kwenye mabenchi yao. Niliwaona, na watoto wangu wa shule ya Jumapili waliwaona pia. Jumapili iliyofuata mtoto wa miaka 8 aliniuliza kama mkate wa siku ile ulikuwa umeharibika. Nilimwambia ulikuwa ni mkate mzima na mwili mzima wa Bwana. Naomba mzee yeyote aje amwambie vivyo hivyo, maana mtoto yule aliuliza kuhusu ninyi.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandikieni mkuu wa jimbo barua ya pili. Ombeni mtu mwenye afya, anayejua pikipiki, mwenye kulihubiri Neno kwa uaminifu, na lile neno moja mliondoe. Akiletwa mwanamume tutampokea kwa shangwe; sitafuti kumfungia mtu mlango. Akiletwa mwanamke, mpeni ufunguo wa ofisi, kitabu cha washarika na kiti cha mwenyekiti wa baraza, na mwiteni Mchungaji. Na barua hiyo ya pili nayo isomwe kwenye matangazo, kwa sauti, kwa sababu ya yule binti wa kipaimara.

Kikao chenu ni Jumamosi saa nne. Mwinjilisti wa mtaa wetu amekubali kuja na kitabu cha ibada, nacho nitakiweka mezani kikiwa kimefunguliwa kwenye Jumapili ya kwanza ya 1979. Jina la mzee yule sitaki lifutwe. Naomba tu, kwa idhini ya baraza na sahihi ya katibu, jina la mama liandikwe kando yake katika safu ya mhubiri. Njooni na kalamu ya wino.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu wa shule ya Jumapili